Corolla KE70 (injini 4K): taimingi kwa sikio au kwa taa? Mlima wa Mkoani unanishinda

#1 Bandarini_Mkoani
Asalaam aleykum. Nina Corolla KE70 ya mwaka 1982, injini 4K, kabureta, distributa (kigawa cheche) ya pointi, vile vibati vinavyofunga na kufunguka kukata umeme. Aliinunua marehemu baba, ikabeba karafuu kila msimu, sasa ni yangu na sitaki kuiuza.

Mwezi uliopita ilianza kumisi. Fundi akatia pointi mpya na kondensa mpya (kile kikopo kidogo kinacholinda pointi zisiungue), akalegeza distributa injini ikiwa inawaka, akawa anaizungusha taratibu kichwa amekiinamisha, akapiga resi mara mbili tatu, akakaza nati. Akanambia tayari. Hakushika kipimo chochote mkononi.

Tangu siku hiyo asubuhi inawaka kwa stata moja, na barabara tambarare inakwenda vizuri. Lakini nikitoka bandarini kupanda juu, namba tatu inakataa, namba mbili inalia, namalizia na moja kama nimepakia magunia. Sindano ya joto inapanda. Nikiizima ikiwa moto haiwaki mpaka nikae nusu saa. Na petroli inakunywa kuliko zamani.

Suali langu: taimingi ya gari kama hii, yaani wakati cheche inaporuka, inasetiwa kwa sikio, au lazima ile taa ya kumulika alama ya puli? Na dalili hizi ni taimingi kweli au ni kitu chengine?

#2 Spana_Kwerekwe
Waaleykum salaam. Sikio linatosha. Mimi nimeseti 3K, 4K, Suzuki Carry, Peugeot 504, zote kwa sikio, na wenye gari wanarudi kunishukuru. Unazungusha mpaka injini iende juu kwenye sailensa (inapozunguka bila kukanyaga mafuta), kisha unarudisha nyuma kidogo, unakwenda kuijaribu barabarani. Ikigonga unarudisha tena. Hiyo yako fundi ameirudisha nyuma mno. Ndiyo maana haina nguvu na inachemsha. Legeza nati, sogeza mbele kidogo, panda tena huo mlima.

#3 Binti_wa_Wete
Kaka #2, nakuheshimu, lakini umeruka hatua. Kabla hajaigusa distributa aangalie mwanya wa pointi. Fundi hakushika kipimo, maana yake hata fila (vibapa vya kupimia mwanya) hakutumia. Mwanya ukiwa mdogo pointi zinachelewa kufunguka, na cheche inachelewa. Ukiwa mkubwa zinafunguka mapema, na cheche inawahi. Kwa hiyo ukiseti taimingi leo, kisha kesho ukarekebisha mwanya, taimingi ya jana haipo tena. Mwanya kwanza, taimingi baadaye, kila mara.

Kwenye 4K mimi natia milimita 0.45. Ninazungusha injini kwa spana kwenye nati ya puli mpaka kile kijiti cha pointi kikae juu kabisa ya kona ya shafti ya distributa. Napitisha kibapa cha 0.45 kikavu, kisicho na oili. Kinatakiwa kipite kwa kukwaruza kidogo tu, kama kuchomoa karatasi chini ya kitabu. Kisha nakaza skrubu na kupima tena, kwa sababu ukikaza huwa inasogea. Hapo ndipo wengi wanapokosea.

#4 Mwambao_Tanga
Habari za visiwani. Mimi ningeanza na waya za plagi. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Mafundi wengi wakifungua kepu ya distributa wanarudisha waya vibaya. Hakikisha hapo kwanza.

#5 Mzee_wa_Chake
Mwanangu wa Tanga, 1-3-4-2 ni ya injini nyingi za silinda nne, lakini siyo K. Toyota 3K, 4K na 5K zinawaka 1-2-4-3. Ukimpangia huyu kijana 1-3-4-2, silinda ya kwanza na ya nne zitawaka sawa, ya pili na ya tatu zitapokea cheche wakati usio wake. Gari itatetemeka na kupiga miripuko kwenye kabureta au kwenye ekzosi. Haitofika hata robo ya mlima.

Niliwahi kuletewa 4K ya namna hiyo, imefunguliwa kabureta mara tatu na kununuliwa plagi mpya. Nikahamisha waya mbili tu, ikatulia.

#6 Mwambao_Tanga
Nimekubali mzee, shikamoo. Mazoea ya injini za 2E na 5A yamenipeleka huko.

#7 Bandarini_Mkoani
Nimefuata waya moja moja kutoka kwenye kepu. Ni 1-2-4-3. Hapo pazima. Fila sina, nitaazima.

#8 Nungwi_Kaskazini
Nyote mnazungumzia taimingi na mimi nasema chumvi. Gari inalala bandarini! Fungua kepu ya distributa uangalie ndani. Vile vijiti vinne vya shaba au alumini vitakuwa na unga mweupe au kijani. Angalia kama kuna mstari mwembamba mweusi kama ufa wa nywele, hapo ndipo cheche inapotoroka. Mimi masika ya mwaka jana nilibadilisha plagi, waya na koili (inayokuza umeme wa cheche), kumbe kepu ina ufa. Usiku nilifungua boneti injini ikiwa inawaka, nikaona vicheche vya buluu vinatembea juu ya kepu kama vimulimuli.

#9 Spana_Kwerekwe
@Nungwi_Kaskazini kepu yenye ufa inamisi asubuhi na wakati wa unyevu, ikipata joto inakauka na kutulia. Ya huyu ni kinyume chake, asubuhi nzima, ikiwa moto ndiyo inakataa.

#10 Nungwi_Kaskazini
Siyo lazima. Yangu ilikuwa inamisi hata mchana wa jua.

#11 Mzee_wa_Chake
Bandarini, nijibu jambo moja kabla hatujaendelea. Unapopanda, unasikia mlio kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo? Na ikiwa moto, ukipiga stata, inazunguka kwa wepesi au inazunguka kwa kukwama kwama kama betri imekwisha?

Nauliza kwa sababu ndugu #2 amesema taimingi imerudi nyuma mno, na mimi sina uhakika naye. Taimingi ikiwa nyuma mno gari inakuwa nzito, ekzosi inawaka moto, injini inachemsha. Lakini ikiwa mbele mno nayo inachemsha! Tofauti yake inagonga ikibebeshwa mzigo, na ikiwa moto stata inapigwa nyuma, kwa kuwa cheche inakuja pistoni bado inapanda. Na mtu anayeseti kwa kutafuta sailensa ya juu kabisa mara nyingi huishia mbele mno, siyo nyuma, kwa sababu injini isiyo na mzigo hupenda taimingi ya mbele. Sikio linamsikiliza injini iliyopumzika. Haliwezi kusikia itakavyokuwa mlimani.

#12 Bandarini_Mkoani
Mzee, stata inazunguka kwa wepesi tu. Mlio sikuwahi kuusikia, lakini ekzosi imetoboka na kelele ni nyingi, huenda upo na siusikii.

#13 Fuoni_Dereva
Basi ziba ekzosi kwanza yakhe, utaseti vipi kwa sikio gari yenye ekzosi iliyotoboka 😄 Sisi Unguja hatuna shida hizi, barabara zetu zimenyooka.

#14 Binti_wa_Wete
@Fuoni_Dereva, ndiyo maana gari zenu mkizivusha huku zinazimika kabla ya kufika Chake. Gari ikiponea Pemba imepona kweli 😄

#15 Mzee_wa_Chake
Tuendelee. Kama huna taa ya taimingi, iko njia ya katikati kati ya sikio na taa, nayo ni balbu ndogo ya volti 12 yenye waya mbili. Nilifundishwa nikiwa kijana kwenye gereji ya Land Rover, na naiamini mpaka leo.

Chomoa plagi ya silinda ya kwanza. Ziba tundu kwa kidole, zungusha injini kwa spana mpaka upepo usukume kidole. Hiyo ni kompresheni. Usipofanya hivyo unaweza ukawa juu lakini kwenye mzunguko wa kutoa moshi, na kila kitu kitakuwa kinyume. Endelea kuzungusha taratibu mpaka alama ya kwenye puli ikae kwenye digrii inayotakiwa. Kwa 4K nyingi ni digrii 8 kabla ya pistoni kufika juu. Lakini angalia kibandiko chini ya boneti kama bado kipo, maana injini zilizokwenda nchi tofauti hazikusetiwa sawa.

Waya mmoja wa balbu uunge pale waya wa distributa unapoingia kwenye koili, mwengine kwenye bodi. Washa swichi, usipige stata. Legeza distributa. Izungushe kufuata upande rota (kile kinachozunguka chini ya kepu) inavyozunguka mpaka pointi zifunge, kisha irudishe kinyume chake polepole. Pale pale balbu inapobadilika, simama, kaza.

#16 Fuoni_Dereva
Yaani balbu inapozimika ndipo pointi zinafunguka?

#17 Mzee_wa_Chake
Hapana. Ukiiunga hivyo nilivyosema ni kinyume. Pointi zikiwa zimefunga, umeme unashuka kwenye bodi kupitia pointi, balbu inabaki giza. Zikifunguka, umeme unakosa njia hiyo na kupita kwenye balbu, inawaka. Kwa hiyo inapowaka ndipo cheche inaporuka. Ukisimama inapozimika utakuwa umeseti mahala pasipo kabisa.

Na usiache swichi imewashwa muda mrefu na pointi zimefunga. Koili itachemka.

#18 KIST_2016
Naongeza kwa alichosema mzee. Njia ya balbu ni nzuri lakini inaseti injini ikiwa imesimama. Ndani ya distributa kuna vizito viwili na springi, injini ikipata kasi vizito vinatanuka na kuisogeza cheche mbele. Na pembeni kuna kile kikopo chenye mpira wa vakyumu, kinasogeza cheche mbele ukikanyaga mafuta kidogo. Balbu haikuoneshi kama vitu hivyo viwili vinafanya kazi. Taa inakuonesha. Unachomoa mpira wa vakyumu, unauziba, unaseti digrii 8 kwenye sailensa, kisha unapiga resi huku unamulika puli. Alama lazima iondoke na kusogea. Isipoondoka, vizito vimeshika kutu.

Mimi naweka dau langu hapo. Asubuhi sawa, tambarare sawa, ikiombwa nguvu haina: vizito vimeganda.

#19 Binti_wa_Wete
Au kiwambo cha vakyumu kimechanika. Kipimo chake hakihitaji chochote. Chomoa mpira upande wa kabureta, fungua kepu ya distributa, vuta hewa kwa mdomo kupitia mpira. Bamba la pointi linatakiwa lisogee na libaki hapo ukiziba kwa ulimi. Likirudi lenyewe, kiwambo kimechanika, na injini inavuta hewa ya bure hapo hapo.

#20 Spana_Kwerekwe
Dada, kweli, ila vakyumu haisaidii kwenye mlima. Ukikanyaga mafuta mpaka chini vakyumu inakwisha, kile kikopo hakifanyi kitu. Kinahusika na unywaji wa petroli kwenye barabara tambarare. Kwa mlima, KIST anaweza kuwa na haki kuhusu vizito.

#21 Binti_wa_Wete
Hapo nakubali. Lakini kasema pia petroli inakunywa. Gari ya miaka zaidi ya 40 huwa haina ugonjwa mmoja.

#22 Konde_Ngezi
Wote mmesahau cheni. 4K haina mkanda wa taimingi, ina cheni. Cheni ikilegea, kamshafti inachelewa, valvu zinachelewa, na distributa inayozungushwa na kamshafti hiyo hiyo inachelewa pia. Utaseti taa leo na alama itakuwa inacheza cheza kwenye puli, haitulii. Ukiona alama inaruka ruka ujue ni cheni au bushi za distributa. Shika rota kwa vidole uitikise pembeni. Ikicheza, pointi haziwezi kushika mwanya mmoja hata umpe malaika azisete.

#23 Mzee_wa_Chake
Maneno ya Konde ni ya kweli. Nakiri sikuitaja shafti ya distributa nami ndiyo ya kuanza nayo.

#24 Makunduchi_Kusini
Mimi nadhani siyo taimingi. Kutowaka ikiwa moto kisha kuwaka baada ya nusu saa ni petroli inachemka kwenye kabureta. Ekzosi ya 4K iko chini ya kabureta upande huo huo, joto lote linapanda. Baba yangu alikuwa anatia vibanio vya mbao vya nguo kwenye paipu ya petroli, vitatu au vinne. Iliacha.

#25 KIST_2016
Kibanio cha nguo hakipoozi petroli kaka. Kiliacha kwa sababu nyengine.

#26 Makunduchi_Kusini
Sababu ipi? Hakukubadilishwa chochote chengine. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyevibana.

#27 Fuoni_Dereva
Au ni hii petroli isiyo na risasi. Injini hizi zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi. Tangu iondolewe, valvu zinakula viti vyake.

#28 Konde_Ngezi
Petroli yenye risasi iliondoka nchi za Afrika kusini mwa Sahara tangu mwisho wa 2005, na Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, 2021. Gari imetembea karibu miaka ishirini bila risasi, tatizo limeanza mwezi uliopita baada ya fundi kutia pointi. Valvu kula kiti ni jambo la taratibu. Ila mwanya wa valvu mwambie aupime: injini moto, 0.20 kwa za kuingiza na 0.30 kwa za kutoa. Mwanya ukiisha, kompresheni inavuja na gari inakosa nguvu.

#29 Bandarini_Mkoani
Ahsanteni nyote. Nimetumia Ijumaa na Jumamosi nzima, nawaletea nilichokiona.

Mwanya wa pointi: kibapa cha 0.45 hakikupita kabisa. Cha 0.30 kilipita kwa shida. Binti_wa_Wete ulisema kweli. Nimeutia sawa.

Nilizifungua pointi kabisa niziangalie juani. Zina mwezi mmoja tu, lakini upande mmoja kuna kishimo na upande wa pili kimeota kichuguu kidogo, na pembeni rangi ya buluu. Picha haikutoka vizuri, mkono ulikuwa unatetemeka.

Shafti ya distributa nimeitikisa, inacheza kidogo mno, sijui kama ni kiasi kinachoruhusiwa. Rota nikiizungusha kwa mkono inarudi yenyewe kwa springi, kwa hiyo vizito havijaganda. Vakyumu nimevuta kwa mdomo, bamba limesogea na limebaki.

Alama ya puli nimeisafisha kwa brashi ya waya, mke wangu akanipa rangi ya kucha nyeupe, nikaipaka kwenye kijichanjo. Nikaseti kwa balbu kama mzee alivyoeleza, digrii 8.

Leo asubuhi nimepanda kutoka bandarini namba mbili mpaka juu. Sikutia moja! Lakini joto bado linapanda kidogo, na nilipoizima juu haikuwaka kwa dakika kumi na tano.

#30 Binti_wa_Wete
Alhamdulillahi kwa mlima. Kichuguu na kishimo baada ya mwezi mmoja ni kondensa. Ikiwa nguvu yake si saizi ya koili, chuma kinahama upande mmoja kwenda mwengine. Kondensa mbovu pia inakataa ikiwa moto. Kama ya zamani hukuitupa, irudishe hiyo hiyo. Kondensa ya zamani iliyokuwa inafanya kazi ni bora kuliko mpya usiyoijua.

Na kijiti cha pointi umekitia grisi? Tone kama punje ya mtama, kwenye kona za shafti tu. Kikikauka kinalika, mwanya unafunga tena, na utarudi hapa hapa mwezi ujao.

#31 Makunduchi_Kusini
Dakika kumi na tano badala ya nusu saa. Petroli inachemka, nimeshasema.

#32 Spana_Kwerekwe
Mimi bado nasema isogeze mbele digrii mbili na uisikilize.

#33 KIST_2016
Usiisogeze bila taa. Iko Chake taa ninayoweza kukuazima, njoo na gari ikiwa moto, nipe saa moja.

Rangi ya buluu kwenye pointi inanipa wasiwasi mwengine. Fundi alibadilisha koili pia? Ziko koili zinazohitaji rizista nje, kile kipande cha kauri cheupe, na ziko ambazo hazihitaji. Ukitia inayohitaji bila ya kuwa nayo, umeme mwingi unapita kwenye pointi, zinaungua, na koili ikipata joto inakataa. Dalili ni hizo hizo zako. Na si kondensa.

#34 Bandarini_Mkoani
Koili ilibadilishwa, ndiyo, lakini na fundi mwengine, kabla ya msimu wa karafuu. Kwenye ubavu wake kuna maandishi ya Kijapani na mchoro wa kisanduku kidogo chenye mistari ya meno. Kipande cheupe sikioni popote kwenye gari. Ila kuna waya mmoja mfupi wa rangi ya kahawia umekatwa na kufungwa tepu karibu na koili, nilidhani ni wa redio ya baba.

#35 Mzee_wa_Chake
Usiufungue huo waya leo. Injini ikiwa moto, swichi imewashwa, pointi zimefunga, pima volti kwenye upande wa jumlisha wa koili. Unaona ngapi?